Mashine Inapovuta Hewa: Kuvuja kwa Viungio vya Mpira wa Mafuta

Kwa nini mashine ya boti iwake vizuri ufukweni, iende dakika tano au kumi, kisha izime pale tu nahodha anapoongeza mwendo, ilhali tangi limejaa, plagi ni mpya na hakuna tone la petroli linaloonekana kudondoka popote? Swali hili husikika Kilwa, Mafia na Lamu, husikika pia kwenye mialo ya Ziwa Victoria, na majibu yanayotolewa aghalabu ni ya gharama: badilisha plagi, safisha kabureta, nunua pampu mpya, na hayo yote yakishindikana, iuze mashine. Kabla ya lolote kati ya hayo kufanyika, hata hivyo, inafaa uchunguzwe kwanza mpira wa mafuta wenye urefu wa mita mbili au tatu pamoja na viungio vyake, kwa sababu kuvuja kwa kiungio si mafuta kutoka nje tu. Mara nyingi ni hewa kuingia ndani, na hewa haiachi doa.

Mashine inayozungumziwa hapa ni injini ya kupachika, yaani ile inayofungwa kwenye tezi ya chombo kwa skrubu za kukaza kwa mkono, na hasa zile ndogo zenye nguvu za farasi kati ya 5 na 40, zinazovuta petroli kutoka kwenye tangi linalobebeka lililowekwa sakafuni mwa boti.

Safari ya petroli kutoka tangini hadi kabureta

Ndani ya tangi hilo, ambalo kwa mashine za farasi 15 aghalabu ni la lita 24 au 25, kuna neli inayoshuka hadi karibu na sakafu ikiwa na chujio dogo la wavu kwenye ncha yake. Juu ya neli hukaa kiungio cha kwanza, na kutoka hapo mpira wa mafuta huelekea kwenye pampu ya mkono, yaani kile kibofu cheusi cha mpira ambacho baharia hukikamua kabla ya kuvuta kamba ya kuwashia. Kibofu hicho kina vali mbili za njia moja, moja kila upande; vali ya njia moja ni kilango kinachofunguka kwa mafuta yanayokwenda mbele na kujifunga pale yanapotaka kurudi nyuma, na mshale uliochorwa juu ya kibofu huonyesha upande ilipo mashine. Baada ya kibofu mpira huendelea hadi kwenye konekta, kile kiungio cha kuchomeka na kuchomoa kilicho mbele ya mashine, kisha chini ya kifuniko cha mashine petroli hupita kwenye chujio la pili, kwenye pampu ya mafuta na hatimaye kwenye kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa ili mchanganyiko huo uingie kwenye silinda na kuungua.

Pampu ya mafuta ya mashine nyingi za aina hii haina mota wala mkanda wa kuiendesha. Kiini chake ni utando mwembamba, ambao mafundi huuita dayaframu, unaochezeshwa na mgandamizo unaopanda na kushuka ndani ya kasha la krenki kila pistoni inapokwenda juu na kurudi chini. Nguvu yake ni ndogo, inatosha kuinua petroli kutoka sakafuni mwa boti hadi kwenye mashine na si zaidi sana ya hapo, na udhaifu huo ndio unaofanya kosa dogo kwenye kiungio liwe na matokeo makubwa, kwa kuwa pampu inayotakiwa kuinua petroli yenye uzito, ikiwa karibu yake upo ufa unaoleta hewa isiyo na uzito wa kuhesabika, itafyonza hewa.

Kiungio kimoja, tabia mbili

Jambo linalowapotosha watumiaji wengi, na hata mafundi wengine, ni kwamba kiungio kile kile hufanya kazi katika hali mbili zinazopingana. Kibofu kinapokaminywa kwa mkono huku mashine ikiwa imezimwa, petroli iliyo kati ya kibofu na kabureta husukumwa, na ikiwa kiungio ni kibovu itajipenyeza kwenda nje, ionekane ikimeta au isikike kwa harufu. Mashine ikishawaka, mambo hugeuka: sasa pampu ndiyo inayovuta, na sehemu yote ya mpira kuanzia tangini hadi kwenye pampu huwa na mgandamizo ulio chini kidogo kuliko wa hewa ya nje, hivyo kiungio kile kile ambacho dakika chache zilizopita kilikuwa kikitoa mafuta sasa kinapokea hewa. Anayekikagua kiungio mashine ikiwa inanguruma atakikuta kikavu, atatosheka, na atakwenda kuifungua kabureta isiyo na kosa.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950 mashine nyingi za Marekani, zikiwemo Johnson na Evinrude, zilitumia matangi yenye mipira miwili iliyoshikana: mmoja ulipeleka hewa yenye mgandamizo kutoka kwenye mashine hadi tangini, na hewa hiyo iliyakandamiza mafuta yapande kupitia mpira wa pili. Katika mfumo huo kila kiungio kibovu kilijisema chenyewe kwa kurusha petroli, jambo lililokuwa rahisi kuliona na la hatari kuishi nalo. Pampu ya dayaframu iliyochukua nafasi yake ilipunguza hatari ya moto, kwa kuwa mpira unaovuta haurushi mafuta, lakini iliuficha ubovu ambao zamani ulikuwa wazi. Mabadilishano hayo yalikuwa na faida, ila yanamdai mtumiaji wa leo ajue kutafuta kisichoonekana.

Kuna sababu nyingine ya kimaumbile inayoeleza kwa nini kiungio kisichotoa hata unyevu kinaweza kuingiza hewa ya kutosha kuizima mashine. Hewa hupenya kwa urahisi mno kuliko petroli. Unata wa petroli, yaani ule ukinzani wa ndani unaofanya kimiminika kitiririke polepole, ni zaidi ya mara 20 ya ule wa hewa, kiasi kwamba mkwaruzo mwembamba kama unywele kwenye pete ya mpira, ambao petroli ingeupita kwa shida, kwa hewa ni mlango.

Kwa ufupi: kuanzia tangini hadi kwenye pampu ya mafuta, kiungio kibovu huingiza hewa mashine inapokwenda, na kilicho baada ya kibofu hutoa pia petroli kibofu kinapokaminywa; kuanzia pampu ya mafuta hadi kabureta mafuta husukumwa wakati wote, na kiungio kibovu huko hutoa petroli nje chini ya kifuniko cha mashine, mahali penye joto na nyaya za umeme, ambapo hakuna ruhusa ya kusubiri hadi kesho.

Pistoni ndiyo inayolipa

Mashine nyingi zinazotumika kwenye pwani na maziwa ya Afrika Mashariki bado ni za mipigo miwili, yaani zile ambazo oili haina bakuli lake bali huchanganywa ndani ya petroli yenyewe. Uwiano wa kawaida kwa mashine nyingi za sasa ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, sawa na karibu nusu lita ya oili kwa tangi la lita 24. Maana yake ni kwamba pistoni, ringi na beringi hazina chanzo kingine cha ulainisho isipokuwa petroli inayopita, na hewa inapochukua nafasi ya petroli ndani ya mpira, kinachopungua si chakula cha moto tu bali pia oili, wakati ule ule ambapo mchanganyiko wenye petroli kidogo unaungua kwa joto kali zaidi. Baharia anayeizoea mashine inayokohoa, akawa anaiendesha hivyo hivyo huku mwenzake akikaminya kibofu njia nzima, anaweza kufika nyumbani siku hiyo na nyingine tatu, na siku ya tano pistoni ikashika ukuta wa silinda, mafundi waseme mashine imenoki. Pete ya mpira ya bei ya soda huwa imeua silinda.

Mashine ya mipigo minne, yenye oili yake pembeni, husamehe zaidi katika hili, ingawa nayo itazima vile vile katikati ya mkondo.

Kabla ya kugusa chochote

Petroli yenyewe haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake, na mvuke huo una uzito wa mara tatu hadi nne ya hewa, kwa hiyo hauruki kwenda zake bali hushuka na kulala ngamani, kule chini kabisa ya chombo yanakokusanyika maji. Mvuke ukifikia kiasi cha asilimia 1.4 ya hewa iliyopo unaweza kuwaka, na hewa iliyotuama chini ya mbao za sakafu hufikia kiasi hicho kwa petroli kidogo sana. Uchunguzi ufanywe mchana, mahali penye upepo, betri ikiwa imetenganishwa ikiwa ipo, sigara ikiwa imeachwa nchi kavu. Wavuvi wa dagaa wanaofanya kazi usiku wana sababu ya ziada ya kujihadhari, kwa kuwa karabai yenye moto wa wazi na mpira unaotoka jasho la petroli ni majirani wasiofaa kulala chombo kimoja. Taa za umeme wa jua zimeupunguza ujirani huo, lakini hazijaumaliza.

Mashine nayo isiwashwe nje ya maji kwa ajili ya majaribio, kwani hupozwa kwa maji inayoyavuta yenyewe. Iwe majini au ndani ya pipa lililojazwa hadi juu ya tundu za kuvutia maji.

Utaratibu wa kumsaka mvujaji

Uchunguzi mzuri ni ule unaoigawa njia ya mafuta katika vipande na kuondoa kipande kimoja kimoja kwenye orodha ya washukiwa, badala ya kubadilisha kila kitu kwa pamoja na kutojua kamwe ni kipi kilikuwa kibovu. Hatua zifuatazo hazihitaji kifaa chochote cha duka la vipuri, isipokuwa ya tano.

1. Viungio vyote vifutwe kwa kitambaa hadi vikauke, kisha kila kimoja kizungushiwe kipande cha karatasi laini nyeupe. Kibofu kikaminywe kikiwa kimesimama wima, upande wa mashine ukiwa juu, hadi kiwe kigumu. Karatasi ikilowa, mshukiwa amepatikana. Kwa kuwa petroli hukauka upesi kwenye joto, macho yatafute pia rangi inayobaki, maana oili nyingi za mipigo miwili hutiwa rangi ya buluu au kijani, na pete ya rangi iliyokamata vumbi kuzunguka kiungio ni ushahidi wa siku nyingi.

2. Kibofu kikishakuwa kigumu kiachwe dakika tano. Kikibaki kigumu, upande kati ya kibofu na kabureta ni mzima kwa kiasi kikubwa. Kikilegea bila karatasi kulowa, mafuta yamekwenda mahali fulani pasipoonekana, na hatua mbili zinazofuata zitasema ni wapi.

3. Konekta ichomolewe kwenye mashine na kibofu kikaminywe tena. Katika aina nyingi konekta ina vali ndogo ya springi inayojifunga yenyewe ikichomolewa, kwa hiyo kibofu kinapaswa kuwa kigumu na kubaki hivyo. Kikibaki kigumu konekta ikiwa imechomolewa, lakini kikalegea inapochomekwa, kosa liko kwenye mshikano wa konekta na mashine au ndani ya mashine, ambako sindano ya kabureta isiyofunga huruhusu petroli kufurika. Petroli ikidondoka kwenye mdomo wa konekta iliyochomolewa, vali yake ya ndani haikai sawasawa. Mashine inaweza kwenda vizuri hata hivyo, ila boti litabaki na harufu na hatari.

4. Kibofu kikilegea hata konekta ikiwa nje, mpira upande wa tangi ubanwe kwa vidole baada ya kukikaminya. Kikibaki kigumu wakati wa kubanwa, mafuta yalikuwa yakirudi tangini kupitia vali ya kwanza ya kibofu, na dawa ni kubadilisha kibofu. Mpira wa zamani uliokakamaa usikunjwe kwa nguvu, la sivyo uchunguzi utazaa ufa mpya.

5. Kipande cha mpira unaopitisha mwanga, chenye urefu wa kiganja, kiunganishwe kwa muda karibu na mashine, nayo iwashwe. Petroli inayopita bila mapovu ni habari njema. Mapovu mfululizo ni hewa, na chanzo chake kiko kati ya hapo na tangini.

Mapovu yakishaonekana, kiungio kimoja kimoja kipakwe grisi nzito kwa nje huku mashine ikiendelea kwenda. Kile ambacho kikipakwa mapovu hupungua na mngurumo hutulia ndicho kibovu, kwa kuwa grisi imeziba mlango kwa muda. Ni jaribio la kizamani, linachafua mikono, na halina mpinzani kwa uhakika.

Jaribio la mwisho ni lile ambalo mabaharia hulifanya bila kulipa jina: mashine inapoanza kufifia majini, kibofu hukaminywa. Ikifufuka, tatizo ni la kufika kwa mafuta, si la umeme.

Konekta kwa karibu

Konekta inastahili kukaguliwa kwa muda mrefu kuliko viungio vingine, kwa kuwa ndiyo pekee inayochomolewa na kuchomekwa karibu kila siku, mara nyingi na mikono yenye mchanga na chumvi. Ikigeuzwa na kutazamwa mdomoni huonekana tundu ambalo ndani yake pini ya mashine huingia, na kuzunguka tundu hilo hukaa oringi, pete nyembamba ya mpira ambayo ndiyo inayozuia petroli kutoka na hewa kuingia. Oringi nzima ni ya mviringo kamili, laini, na hurudi kwenye umbo lake ikifinywa kwa ukucha. Iliyochoka huwa bapa upande mmoja, au ngumu kama plastiki, au imechanika kwa mkato mdogo unaoonekana tu pete ikivutwa kidogo. Chembe moja ya mchanga wa ufukweni iliyonaswa chini yake hufanya kazi ya mkato huo bila pete yenyewe kuwa na ubovu wowote, na ndiyo sababu fundi makini huisuuza konekta kwa petroli safi na kuitazama tena kabla ya kutamka kwamba pete imekwisha.

Oringi hutolewa kwa kijiti chenye ncha, si kwa sindano wala bisibisi, kwa kuwa mkwaruzo kwenye kitako cha plastiki au cha shaba unapokaa pete utavuja milele hata pete ikibadilishwa kila wiki. Pete mpya ipakwe oili ya mipigo miwili kidogo ili iteleze mahali pake bila kujipinda. Jambo linalopuuzwa ni aina ya mpira: oringi ya mafuta hutengenezwa kwa mpira wa naitraili, unaovumilia petroli, ilhali oringi za mabomba ya maji zinazofanana nayo kwa umbo mara nyingi ni za mpira mwingine unaovimba petroli ikiufikia. Iliyovimba huonekana imeziba vizuri siku ya kwanza. Siku ya pili konekta haichomoki, na ikichomolewa kwa nguvu pete huja vipande vipande, na vipande hivyo husafiri hadi kwenye kabureta.

Baada ya pete itazamwe pini ya upande wa mashine. Ikiwa imeliwa na chumvi hata ikawa na vishimo, pete yoyote itakayowekwa italala juu ya vishimo hivyo na hewa itapita chini yake. Itazamwe pia klipu au mkono wa kufungia, kwa kuwa ukivunjika konekta hubaki imechomekwa kwa msuguano tu, ikicheza kila chombo kinapopanda wimbi, na watu huifunga kwa kamba ya nailoni wakidhani wamemaliza. Konekta za kampuni tofauti hazilingani: ya Yamaha haiingii kwenye pini ya Tohatsu wala ya Johnson, na hata zile za kuigiza zinazouzwa kwa jina la kampuni moja huweza kupungua kwa unene wa karatasi, ambao kwa macho ni sifuri na kwa hewa ni barabara.

Ncha za mpira, meno na klipu

Mpira hushikwa kwenye kila kiungio kwa neli yenye meno, yaani pete ndogo zilizochongwa mfano wa parafujo butu zinazouma mpira kwa ndani, na nje yake hukaa klipu. Mpira wa petroli huzeeka kuanzia nchani, mahali unapotanuliwa na meno na kupigwa na jua, na mara nyingi tiba yake ni kukata sentimita mbili au tatu za ncha iliyokakamaa na kuivalisha upya sehemu iliyo laini. Ikiwa mpira wote ukikunjwa unaonyesha nyufa ndogo ndogo, kukata ncha ni kuahirisha tu.

Klipu ya skrubu ikazwe hadi mpira ubonyee kidogo, si hadi mpira utokeze kwenye matundu ya klipu, na waya wa kufungia nondo usitumike kabisa, kwani hukandamiza mstari mmoja mwembamba na kuukata mpira huku pembeni ukiacha nafasi. Mpira wenyewe uwe wa kipimo kinacholingana na meno. Mpira wa milimita 10 uliobanwa kwa nguvu juu ya meno ya milimita 8 hukunjamana, na mkunjo mmoja unatosha. Uwe pia mpira wa petroli, unaotambulika kwa maandishi yaliyopigwa chapa ubavuni. Mpira wa maji unaopitisha mwanga, ambao ni rahisi na hupatikana kila duka, unafaa kwa jaribio la dakika kumi lililoelezwa hapo juu, lakini ukiachwa na petroli kwa wiki kadhaa hukakamaa kama bomba la kalamu na kujichomoa wenyewe kwenye meno.

Dawa za ufukweni

Haitakuwa haki kuzungumzia viungio bila kuzitaja dawa ambazo zimewarudisha watu wengi nyumbani. Iliyoenea zaidi ni ukanda wa tyubu ya baiskeli unaozungushwa kwenye kiungio na kuvutwa kwa nguvu. Kwa safari moja hufanya kazi, kwa sababu ukanda hubana pande zote sawasawa, jambo ambalo klipu nyingi haziwezi. Kasoro yake ni kwamba mpira wa tyubu hulainika na kuvimba petroli inapoufikia, na baada ya siku chache huwa utelezi mweusi. Sabuni ya kipande inayosuguliwa kwenye ufa wa tangi ni dawa ya werevu zaidi ya zote, maana sabuni haiyeyuki katika petroli, lakini huyeyuka katika maji, na boti ni mahali pa maji; tena upande unaovuta, vipande vyake huweza kufyonzwa ndani.

Gundi ya kukauka haraka na tepu nyeupe ya mafundi bomba ndizo zisizostahili kutetewa. Gundi hukakamaa na kupasuka kwa mtikisiko wa kwanza, huku ikiwa imeharibu meno ya neli. Tepu nayo, ikivalishwa kwenye meno, huzuia mpira kuuma, na nyuzi zake zikichanika huishia kwenye tundu za kabureta, ambazo baadhi yake ni nyembamba kuliko kijiti cha kiberiti.

Pale kosa lisipokuwa la kiungio

Si kila mashine inayokosa mafuta inavuta hewa, na kibofu ndicho kinachotofautisha. Kulegea kidogo mashine inapokwenda ni hali ya kawaida kwa kibofu, na kusimtie mtu hofu. Kikinywea kabisa hadi kuta zake zikakutana, mafuta yamezibwa upande wa tangi: ama skrubu ya kupumulia iliyo kwenye kifuniko cha tangi imefungwa na tangi linashindwa kuingiza hewa ya kuchukua nafasi ya petroli inayotoka, ama chujio la neli limejaa uchafu, ama utando wa ndani wa mpira umebanduka na kujikunja. Skrubu ndiyo ya kutazamwa kwanza, kwa kuwa huchukua sekunde moja kuifungua, na mlio mfupi wa hewa inayofyonzwa ndani hutoa jibu papo hapo.

Wanaotumia kidumu cha lita 20 na kuutumbukiza mpira ndani yake bila neli wana tatizo la aina yake. Mpira mwepesi hujikunja na kuelea, mafuta yakipungua ncha yake huibuka kila boti linapoinamia omo, na mashine hupata hewa kwa vipindi, ikifuata mawimbi. Viungio vyote vinaweza kuwa salama na dalili zikawa zile zile. Uzito mdogo wa shaba uliofungwa kwenye ncha ya mpira huutuliza chini.

Ikiwa kibofu ni kigumu, hakuna mapovu na kibofu hakinywei, lakini mashine hufufuka tu kinapokaminywa, basi dayaframu ya pampu ya mafuta ndiyo ya kufunguliwa. Ufa kwenye dayaframu huonekana dayaframu hiyo ikiinuliwa dhidi ya jua.

Tangi lililoachwa juani

Petroli hutanuka inapopata joto. Lita 24 zikipanda nyuzi 15, jambo la kawaida kwa tangi jekundu lililoachwa ufukweni kati ya asubuhi na saa nane mchana, huongezeka kwa karibu theluthi moja ya lita, na mvuke ulio juu yake huongeza msukumo wake. Skrubu ikiwa imefungwa na mpira ukiwa bado umechomekwa kwenye mashine, msukumo huo hupita kwenye vali za kibofu kama vile mtu anakikaminya, na kiungio kilichokuwa kinastahimili huanza kutoa petroli wakati hakuna mtu botini. Matangi yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu 2011 yanatakiwa yajifunge yenyewe ili mvuke usichafue hewa, hivyo huhifadhi msukumo mkubwa zaidi kuliko ya zamani, na hayo nayo hufika Mombasa na Dar es Salaam pamoja na boti zilizotumika. Konekta ichomolewe kila chombo kinapotia nanga kwa muda mrefu, na tangi lililojifunga lifunguliwe kifuniko polepole kabla ya kuchomekwa tena.

Baada ya matengenezo mashine ijaribiwe ikiwa na mzigo, si bila kitu, kwa kuwa mashine isiyo na kazi hunywa kidogo na ufa mdogo hauipunguzii chochote. Mashine ya farasi 15 ya mipigo miwili ikiendeshwa kwa mwendo wote hutumia lita 6 au zaidi kwa saa, na ni katika kiwango hicho tu ndipo pampu hulazimika kuvuta kwa nguvu zake zote. Robo saa ya mwendo huo karibu na ufukwe, watu wawili au watatu wakiwa ndani, inatosha. Baada ya hapo mashine izimwe, kibofu kikaminywe hadi kiwe kigumu, karatasi kavu izungushwe tena kwenye konekta, na iachwe hapo kwa muda wa kunywa chai.